Transfoma ya Fundi Lutangilo

Nyanyueni miguu mnapoingia. Kila siku nawaambia, na kila siku mnakikwaa kile chuma cha mlangoni, mnarukaruka kwa mguu mmoja, halafu mnamlaumu binti yangu Sekela kwa nini asiweke jiwe kama wenye vibanda wengine hapa Mwanjelwa. Si yeye aliyekiweka. Ni mimi. Chuma hicho ni transfoma, haijawahi kuonja umeme tangu itoke kiwandani, na leo nitawaeleza ilivyofikia kuwa kizuizi cha mlango, maana nimechoka kusikia mkiiita takataka.

Mimi nilikuwa fundi redio. Nimestaafu. Macho yalitangulia kustaafu, mikono ikafuata, mdomo ndio umegoma. Nakaa hapa kwenye benchi, Sekela anauza laptop za mtumba, na ninyi mnakuja kuzipapasa kama watu wanaonunua mbuzi. Naona mnavyozipenda zile nzito, zilizofanyishwa kazi na wahandisi huko zilikotoka mpaka rangi ya vitufe ikafutika. Na swali lenu ni moja tu: "Babu, hii itapiga gemu?"

Hakuna hata mmoja anayeuliza kama itaandika barua ya kuomba kazi. Lakini siwalaumu. Mashine iliyotumikishwa maisha yake yote nayo ina haki ya kucheza. Jibu langu ni kwamba itapiga. Gemu za zamani itazimeza bila kutafuna. Za mwaka huu itaziburuza, kwa sababu kadi yake ya picha ilitengenezwa kwa watu wanaochora madaraja, si watu wanaokimbizana na majambazi. Basi punguza urembo wa picha, acha nyasi zisitikisike, hakuna aliyekufa kwa kukosa kivuli cha mti ndani ya gemu. Tumia chaja yake yenyewe, ile pana na nzito. Ukiipa chaja ya kuazima, mashine inajiona ina njaa na inapunguza mwendo, halafu unakuja hapa kumfokea Sekela.

Na ifungueni tumboni. Vumbi mtakalolikuta humo lingetosha kupanda mchicha. Tumia brashi laini ya rangi, na feni yake uizuie kwa kijiti cha kuchokolea meno ili isizunguke ovyo unapoipuliza. Ile pesti iliyopakwa kati ya chipu na chuma cha kupooza, baada ya miaka mingi huwa imekauka kama ugali wa jana. Ikwangueni, mpake mpya, kidogo tu. Mnapaka kama mnapaka siagi kwenye mkate wa sikukuu.

Juzi alikuja kijana mmoja wa chuo, mashine yake imezima na inanuka. Nikamuuliza, "Huwa unachezea wapi?"

"Kitandani, babu. Naiweka juu ya blanketi. Si unajua baridi ya Mbeya?"

Niliinuka nikatoka nje nikasimama kwenye jua. Sekela alinifuata akaniambia nimemkosea adabu mteja. Pengine kweli. Lakini yule kijana alitamka neno blanketi, na mimi neno hilo likitajwa karibu na mashine, mpaka leo huinuka nikatoka.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilitoka kwetu Rungwe nikaenda Iringa kufanya kazi kwenye karakana moja ya umma. Jina lake naliacha lilale. Tulitengeneza redio za mawasiliano za magari ya barabarani, jenereta, taa, na redio za mabosi walizotuletea kwa mlango wa nyuma. Mkuu wa meza yetu alikuwa Fundi Lutangilo, Mhehe wa Ilula, mtu mrefu mwenye vidole vinene ambavyo usingeamini vinaweza kushika waya mwembamba. Siku ya kwanza nilimsalimia "Kamwene" kwa ulimi wangu wa Kinyakyusa, akacheka mpaka akaweka chini chuma cha kulehemu. Akaniambia, "Umejitahidi. Sasa kaa chini, mla ndizi, na usiguse kitu chochote mpaka kikuzoee."

Ndivyo alivyofundisha, kwa matusi madogo madogo. Alinifundisha kunusa. Resista iliyoungua ina harufu yake, plastiki ina yake, na vanishi ya transfoma ina yake, tamu kidogo, kama sukari iliyoanza kuungua sufuriani. Alinifundisha kufanya kazi na mkono mmoja mfukoni ili umeme usipate njia ya kupitia kifuani. Kijana mwenzangu pale hakuamini jambo hilo. Siku moja alirushwa mpaka kwenye pipa la maji machafu, na tangu siku hiyo alitembea na mikono yote miwili mfukoni, hata akiwa anakula.

Nyuma ya karakana kulikuwa na lundo la vitu vilivyofutwa kwenye daftari la mali. Humo ndimo tulimoikuta. Ilikuwa amplifaya ya kambi ya ujenzi wa barabara, ile kambi iliyopasua miamba ya mlima Kitonga. Sanduku la bati la kijani, kubwa kama kreti mbili za soda, ndani ina valvu, yaani zile taa za kioo zilizofanya kazi kabla ya chipu zenu. Kazi yake yote kambini ilikuwa kuwaonya watu kabla ya baruti kulipuliwa. Maisha yake yote ilisema maneno mawili matatu: ondokeni, baruti, tayari. Kambi ilipovunjwa wakaileta kwetu, wakaitupa, mvua ikainyeshea, na kuku wa mlinzi wakaigeuza nyumba.

Lutangilo alimwomba msimamizi. Msimamizi alikuwa anakunywa chai, akasema, "Chukua, ukakate bati lake uezekee choo." Basi, ikawa yake. Naomba mlishike neno hilo. Ilikuwa yake kwa ruhusa, mchana, mbele za watu.

Tuliisafisha kwa petroli na mswaki. Tulitoa mayai mawili na kinyesi cha mwaka mzima. Valvu mbili zilikuwa zimekufa, tukapata nyingine kwenye redio ya padri aliyekuwa anarudi kwao. Lakini kuifufua haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuifundisha kuimba. Mtu anayepiga kelele ya "ondokeni" anatamka neno, ananyamaza, anavuta pumzi, na mashine nayo inapumzika. Muziki haunyamazi. Gitaa la besi linaikamua mashine mfululizo kama mtu anayekamua ng'ombe bila kumwachia ndama. Na zile spika zake za pembe zilikuwa za maneno, ukizipigia besi zinakoroma. Lutangilo alizitupilia mbali, akatengeneza makabati ya mbao za mvule na spika pana, akabadilisha viungo vya ndani kimoja kimoja. Kila jioni baada ya kazi. Mke wake, Mama Semkiwa, alisema kama angekuwa na taa za kioo tumboni naye angeshikwa mara nyingi kiasi hicho.

Kitu kimoja hakukibadilisha, transfoma kubwa ya umeme. Haikuwezekana kuibadilisha. Ilikuwa moyo wa mashine, imefungwa kwenye sanduku lake la chuma na kumiminiwa lami ndani ili isitetemeke. Ilitengenezwa kwa kazi ya vipindi, sasa tunaitaka kazi ya mfululizo. Ndiyo maana alikuwa na kipimo chake. Kila baada ya nyimbo chache aliweka kiganja juu ya transfoma na kuimba kimoyomoyo ubeti mmoja wa tenzi za kanisani. Ukimaliza ubeti mkono bado upo, mashine iko salama. Ukiuondoa kabla ya ubeti kwisha, zima, watu wakanywe soda.

Na haikuwahi kumshinda. Tulipiga Iringa mjini, tukapiga Mafinga, tukapiga Makambako na Njombe. Bendi ilikuwa vijana wa karakana, hodari kwa kelele kuliko kwa muziki, lakini mcheza kwao hutunzwa, na watu walitutunza. Kule kwenye mashamba ya chai Mufindi, ukungu ulikuwa unaingia ukumbini kama mgeni aliyealikwa, unalowesha kila kitu, na valvu zikishikwa na unyevu zinapasuapasua sauti. Lutangilo akagundua dawa. Alileta blanketi lake la nyumbani, lile la kijivu lenye mstari mwekundu, akaifunika mashine huku inafanya kazi. Unyevu ukakoma, sauti ikawa safi. Tangu hapo blanketi likawa kifaa cha kazi, linakunjwa pamoja na nyaya. Tulijisifu. Tulisema wazungu waliitengeneza mashine, lakini Wahehe ndio waliojua inalala na nini.

Pale Mafinga kulikuwa na mchezaji mmoja ambaye lazima nimtaje. Alikuwa bwana stoo wa karakana yetu, tulimwita Kufuli kwa sababu ya makufuli na funguo alizoning'iniza mkandani. Mtu mfupi, mwenye heshima zake, kanisani mbele, dansini mbele. Alikuwa haachi dansi la mwisho wa mwezi. Alicheza mpaka shati linagandama mgongoni, halafu anakuja kumshika Lutangilo bega na kusema, "Ndugu Lutangilo, mashine hii ni fahari yetu sote." Yetu sote. Nakumbuka alivyolitamka.

Lutangilo alikuwa amebakiza muda mfupi wa kazi. Hakutaka kurudi Ilula kulima nyanya. Baba yake alilima, kaka zake walilima, na mgongo wa kila mmoja wao ulikuwa umepinda. Alikuwa akiniambia, "Mimi, mla ndizi, nitazeeka nimekaa kwenye kiti nazungusha kitufe cha sauti." Mashine ile ndiyo ilikuwa uzee wake. Hakuwa na mpango mwingine.

Ndipo alipokuja Mzee Masanja.

Masanja alikuwa Msukuma, mmoja wa wale waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakashuka tambarare za Usangu. Alikuwa amekuja Makambako kuuza ng'ombe, akausikia muziki wetu ukitoka ukumbini, akasimama mlangoni na fimbo yake mpaka wimbo wa mwisho. Asubuhi akamfuata Lutangilo.

"Mwanangu anaoa," akasema. "Ngoma tunazo, lakini nataka na hicho kitu chako kinachoimba. Sina maneno mengi. Njoo uimbishe harusi tangu bibi harusi anaingia mpaka watu wamechoka wenyewe. Mtamba yangu moja nitakupa, nyekundu, haijazaa bado."

Mtamba! Lutangilo alinitazama, na macho yake yalikuwa ya mtoto. Mtamba ni mwanzo wa zizi. Mtu mwenye mtamba na mashine hapindi mgongo tena.

Tulishuka na lori la kubeba mpunga, na jenereta ya kukodi nyuma yake. Mkitoka huku juu mnajua hali inavyokuwa, unavua sweta kituo baada ya kituo. Tulipofika Usangu jua lilikuwa limesimama kichwani na hakuna mti. Dansi zetu zote zilikuwa za jioni, kwenye kumbi za tofali, watu wamevaa makoti. Hii ilikuwa mchana, chini ya turubai, na ng'ombe mia mbili wakipita karibu wanatimua vumbi jekundu.

Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko wote niliouona. Bibi harusi aliingia, besi ikagonga, wazee wa Kisukuma ambao hawajawahi kusikia gitaa la umeme wakasimama na fimbo zao na kuruka. Masanja alikuwa anacheka peke yake. Halafu upepo ukageuka, vumbi likaja moja kwa moja kwenye meza yetu. Na Lutangilo akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya. Alichukua blanketi, akaifunika mashine. Mimi nilimsaidia kunyoosha pembe, na mpiga besi akaitikia kwa kichwa kwamba vizuri. Sote tulitoka baridini. Maisha yetu yote kufunika kitu ni kukitunza. Unafunika mtoto, unafunika chungu, unafunika ndama. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuishi mahali ambapo kufunika ni kuua.

Alipima kwa kiganja chake. Lakini pale kila kitu kilikuwa cha moto, meza ya moto, kipaza sauti cha moto, hata soda zilikuwa za moto. Mkono wa mtu wa nyanda za juu ulikuwa umekwisha kuchanganyikiwa. Aliigusa transfoma, akausogeza mkono, akaigusa tena, akaniambia, "Huku ndiyo kawaida yake." Nikanusa harufu tamu. Sukari iliyoanza kuungua. Nikavuta blanketi, na chini ya mashine niliona lami nyeusi ikidondoka mezani tone kwa tone. Kabla sijafika kwenye swichi, sauti ikazama, ikakohoa, ikanyamaza.

Bibi harusi alikuwa bado amesimama katikati, mguu mmoja mbele.

Hakuna aliyetuzomea. Ngoma zao zikachukua nafasi na harusi ikaendelea, na hiyo nadhani ilimuuma zaidi. Lutangilo alikaa juu ya kreti na kiganja juu ya transfoma iliyokuwa bado inachoma, hakuuondoa mkono mpaka mimi nikauondoa. Masanja alimjia akachuchumaa mbele yake.

"Kazi haijaisha, baba."

"Haijaisha," Lutangilo akasema. "Sistahili kitu."

"Mimi sijasema hivyo. Mtamba iko, ni yako, itakaa kwenye zizi yangu. Siku hicho kitu kikipona, uje umalizie harusi ya mwanangu. Hata kama atakuwa na watoto kumi, uje umalizie. Ng'ombe utaikuta imezaa."

Huyo ndiye mtu aliyetutendea haki, na alikuwa mgeni tuliyekutana naye mara mbili.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Tuliporudi Iringa hatukuwa na wasiwasi. Tulijua transfoma kama ile zipo. Kambi ilipovunjwa, vipuri vyake vyote vililetwa stoo kwetu, na transfoma za mashine ile zilikuwa zimepangwa rafu ya chini kabisa, mpya, zimeviringishwa karatasi ya nta. Mimi mwenyewe niliwahi kuzipangusa vumbi. Hazikuwa na matumizi mengine yoyote duniani. Hazikuingia kwenye redio wala jenereta. Ziliisubiri mashine moja tu.

Jumatatu Lutangilo alienda dirishani kwa Kufuli na kofia mkononi. Nilikuwa nyuma yake.

"Hizo ni za mashine ya kambi," Kufuli akasema.

"Mashine ya kambi ndiyo ninayo mimi, ndugu. Umeicheza miaka yote."

"Mashine ya kambi ilifutwa. Iliyofutwa haipo. Sasa nikitoa transfoma ya mashine isiyokuwepo, nimempa nani?"

"Basi niuzie."

"Mali ya umma haiuzwi dirishani."

"Ndugu, zinakaa tu."

Kufuli akatabasamu, akagonga rafu kwa funguo zake. "Akiba haiozi."

Lutangilo alirudi Jumatatu iliyofuata, na iliyofuata tena. Alienda kwa msimamizi, msimamizi akasema ni suala la stoo. Alienda ofisi ya juu, ofisi ya juu ikasema suala lake linashughulikiwa. Kila alipouliza alipewa neno lile lile, kana kwamba walifundishana: akiba haiozi. Mtauliza kwa nini hatukuiba moja. Mimi nilitaka. Nilijua dirisha lisilofungika. Lutangilo alinikatalia, akaniambia, "Mashine yangu haitaimba kwa kitu cha wizi. Nitaipata kwa mlango." Nilimheshimu kwa hilo wakati ule. Siku hizi nikikumbuka nakasirika, na sijui namkasirikia nani.

Tulijaribu kuisuka upya. Tulivunja lami kwa patasi, tukahesabu mizunguko ya waya ulioungua, tukausuka upya kwa waya tuliotoa kwenye mota mbovu. Madukani waya haukuwepo, kama vile sabuni na betri zilivyokuwa hazipo. Waya ule ulikuwa mwembamba kuliko unaotakiwa. Mashine iliimba wimbo mmoja na nusu uani kwa Lutangilo, Mama Semkiwa akacheza peke yake akiwa na mwiko mkononi, halafu ikanuka.

Muda wake wa kazi ukaisha. Wakampa jembe la kumbukumbu. Sisemi uongo, jembe jipya, na Kufuli ndiye aliyelitoa stoo. Kumbe kulikuwa na vitu vinavyoweza kutoka. Siku ya pili yake mlinzi wa getini, ambaye kuku wake waliwahi kulala ndani ya mashine ile, alimzuia Lutangilo asiingie kwa kuwa si mfanyakazi. Fundi akapakia mashine kwenye lori, akaenda Ilula.

Salamu za Masanja zilikuwa zinapanda na madereva wa mpunga. Mtamba amezaa, ndama jike. Amezaa tena, dume. Nilizituma Ilula kila nilipopata mtu. Najuta hata kuzituma. Lakini zilikuwa salamu zake, ningezizuia kwa haki gani?

Kwenye mwaka wa tatu au wa nne tangu aondoke kazini nilisafiri kwenda Morogoro kwa basi. Tulisimama Ilula. Mnajua wauzaji wa pale wanavyolikimbilia basi, mabeseni juu, nyanya, vitunguu, kila mtu anasukuma mwenzake. Beseni moja lilikuja dirishani kwangu likiwa juu kuliko mengine kwa sababu mwenye kulibeba alikuwa mrefu. Nikaona vile vidole.

"Kamwene, Fundi," nikasema.

Alinitambua. Hakuniuliza habari za nyumbani wala za kazi. Alisema, "Umekuja nayo?"

Basi likaondoka. Alikimbia nalo kidogo, kwa mazoea ya wale wauzaji, mgongo umepinda, akanirushia nyanya mbili mapajani. Sikuzila. Zilioza ndani ya mfuko wangu mpaka zikalowesha shati.

Miaka ya sabini ilipokuwa inaishilia, Kufuli alipandishwa cheo akahamishwa, na stoo ikasafishwa. Akiba haiozi! Mtoke hapa muende mkamwambie mtu mwingine. Niliona masanduku ya vipuri yakitolewa nje kwa koleo. Mpira umegeuka unga, betri zimemwaga maji ya kutu, viatu vya usalama vimeota ukungu wa kijani. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na vijana wake na nyundo, wakazikalisha zile transfoma kwenye zege na kuzipasua moja baada ya nyingine ili watoe shaba. Nilifika imebaki moja, karatasi yake ya nta bado imekaza. Nikamwambia yule mnunuzi naiomba. Hakuuliza ni ya mashine gani, wala kama mashine hiyo ipo. Akasema, "Chukua, kaka," akageuka kuendelea na kazi yake. Miaka yote ile, na ilihitaji maneno mawili.

Nilipanda basi siku hiyo hiyo, nimeipakata. Ilula nilimkuta Lutangilo uani, anachambua mbegu. Mashine ilikuwa pale pale ukutani, mlango wake wa nyuma haupo, na ndani ya lile sanduku la kijani, mahali palipokuwa na moyo wake, kuku alikuwa anaatamia.

Nikampa. Aliifungua karatasi taratibu bila kuichana. Aliinusa. Alisoma maandishi yake, macho yakiwa karibu sana, na mimi tayari nilikuwa nimeanza kupanga kwa sauti, kwamba tutasafisha, tutatafuta valvu, vijana wa bendi wawili bado wapo, tutashuka Usangu. Mama Semkiwa alisimama mlangoni akanitikisia kichwa ninyamaze.

Lutangilo alikuwa ameweka kiganja chake juu ya transfoma. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alimaliza ubeti mzima, kisha akaanza wa pili.

"Baridi," akasema. "Baridi kabisa."

Akaiviringisha tena ndani ya karatasi yake, akafuata mikunjo ile ile ya kiwandani, akairudisha mapajani mwangu. "Yule mtamba sasa ana wajukuu," akasema. "Rudi nayo, mla ndizi. Kuku amelalia mayai, siwezi kumwamsha."

Basi ndiyo hiyo. Nunueni mashine zenu za kazi mkachezee, mimi sina neno. Zisafisheni, msizifunike, na mkishuka nazo Usangu au Dar msiamini mikono yenu ya Mbeya. Na nyinyi mtakaokaa siku moja nyuma ya dirisha na funguo mkandani, maana wapo humu, nawaona, toeni kitu mtu anapokihitaji.

Asubuhi Sekela akifungua duka, ninayeinama kuisogeza mlangoni ni mimi, hataki niiname lakini sisikii. Kiganja changu hukaa juu yake kidogo, kwa urefu wa ubeti. Haijawahi kupata moto.